Mtihani wa Debe

Mwezi uliopita nilikwenda Handeni kumsalimia mtoto wa kaka yangu, kijana mwenye duka la vifaa vya simu, nikakuta sebuleni kwake feni mbili. Moja ilikuwa ya dari, ya watu. Ya pili ilikuwa sakafuni, imeelekezwa kwa mbwa. Mbwa mwenyewe alikuwa mdogo, mnene, uso umebonyea kama udongo uliobanwa na kiganja kabla haujakauka, na alikuwa akikoroma macho yakiwa wazi. Nilidhani anakata roho.

"Hafi, shangazi," kijana aliniambia. "Ndivyo wanavyopumua. Uso ukiwa bapa zaidi, bei inapanda."

"Na joto hili la Handeni?"

"Ndiyo maana nimemnunulia feni."

"Akizaa je?"

"Hazai mwenyewe. Anapasuliwa. Vichwa vya watoto havipiti."

Alisema hivyo kama mtu anayekueleza kwamba gari lake linatumia dizeli. Mimi huishi kwa kuandika makala, kwa hiyo hotuba huwa sikosi, na niliyokuwa nimeanza kuiandaa ilikuwa nzuri. Lakini kabla sijafungua mdomo akatandika kipande cha gunia sakafuni, akaweka sinia la uji wa maziwa, akawaleta watoto watatu wa mbwa yule. Harufu ikanipanda: uji uliopoa, gunia lenye unyevu, na ile harufu ya watoto wa mbwa inayofanana na mkate uliosahauliwa kwenye mfuko. Hotuba ikanikauka. Nilikumbuka kwamba katika ukoo wetu kijana huyu si wa kwanza kufanya kazi hii. Wa kwanza alikuwa mjomba wangu, na msaidizi wake mkuu nilikuwa mimi.

Nilikuwa darasa la tatu. Mama alikuwa amenitoa kwetu Vugiri, kwenye milima na ukungu, akanipeleka Kilole, Korogwe mjini, kwa kaka yake, Mjomba Mhina, ili nisome shule ya mjini niwe mtu. Kama nimekuwa mtu au la, wanaonifahamu hawajakubaliana.

Mjomba alikuwa mlinzi wa ghala la mkonge aliyeacha kazi, au kazi ilimwacha yeye, inategemea anayesimulia. Kila mgeni aliyekalia kigoda chetu alipewa kisa hicho. Mbwa wake wa kwanza, dume kubwa jeusi lenye meno ya kutisha, alisikia tairi la lori likipasuka barabarani, akatimua mbio na hakuonekana tena, na wezi wakaingia ghalani kwa raha zao. Kutokana na aibu ile mjomba alibaki na imani moja maishani: ubora wa mbwa hauko kwenye meno, uko kwenye kutoshtuka.

Ndipo akampata Pamba. Alimpata Vugiri, kwa mkulima wa kahawa aliyekuwa anahama. Alikuwa jike jeupe kuanzia pua hadi ncha ya mkia, jicho moja la kahawia na jingine la buluu, linang'aa kama gololi. Watu walikuwa wakisimama njiani kumtazama. Radi ikipiga, mabati yakitetemeka na kuku wakikimbilia uvunguni, Pamba alikuwa akijilamba makucha. Treni ya mizigo ikipiga honi kule stesheni, hakugeuza shingo. Na adhana ilipoanza, mbwa wote wa Kilole walilia kwa kuvuta sauti, kila siku, kama kwaya isiyo na mwalimu. Pamba alinyamaza. Sisi tulikuwa Walutheri, nami niliamini kabisa kwamba Pamba anaiheshimu dini ya majirani. Nilimweleza jambo hilo mwalimu wa shule ya Jumapili kama mfano wa upendo. Hakulipokea vizuri.

Jirani yetu, Bi Zaina, mjane aliyekuwa akikaanga vitumbua, alitenganishwa na sisi na ua wa minyaa tu. Mbwa hakuruhusiwa kusogelea vyombo vyake, na ni haki yake.

"Huyu mbwa wenu ana kiburi," aliniambia siku moja. "Nimemwambia toka, toka, toka. Hasogei. Mpaka nipunge khanga ndiyo anaondoka."

"Anakuheshimu, bibi. Anangoja umuage kwa mkono."

Bi Zaina akauliza, "Mhina ndiye aliyekufundisha kusema hivyo?"

"Ndiyo, bibi."

"Haya," akasema, akarudi kwenye karai lake.

Watoto wa Pamba walipotimiza wiki sita, mjomba aliwafanyia mtihani. Tulitandika gunia uani, tukaweka sinia la uji, nao wakainamisha vichwa na kula kwa kelele. Nyuma yao nilisimama mimi na debe tupu la mafuta na mwiko wa ugali. Mjomba alinyanyua kidole. Nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Walioruka, waliokimbia, waliojikojolea, hao walikuwa wameshindwa. Waliobaki wakila bila hata sikio kucheza, hao walikuwa wamefaulu, na mjomba aliwaita mashujaa. Niliandika matokeo kwenye daftari la shule, kwa mistari ya rula, jina la mbwa upande huu na alama upande ule. Nilikuwa mkali. Nadhani niliwapenda mashujaa kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mtoto wa kushtuka. Kengele ya shule ikigongwa karibu yangu, machozi yalinitoka kabla sijajua kwa nini. Hapa sasa palikuwa na viumbe wadogo kuliko mimi, wapya kabisa duniani, na hawakuogopa chochote.

Walioshindwa tuliwagawa bure mtaani. Mashujaa walikwenda Handeni, kwa wafugaji, watu wanaojua mbwa ni wa nini.

Katika uzao wa kwanza walifaulu wawili kati ya saba. Mmoja tuliyebaki naye, dume jeupe, mjomba alimwita Bosi, na alipokua akampandisha na Pamba, mama yake mzazi. Katika uzao wa pili walifaulu watano. Katika uzao wa tatu walifaulu wote sita. Niliogopa kwamba mkono wangu umelegea. Mjomba alinipigapiga begani. "Hiyo ndiyo faida ya mbegu safi," alisema.

Kulikuwa na mambo mengine ambayo leo yananiondolea usingizi, na wakati ule tulikuwa na jibu kwa kila moja. Mashujaa waling'atana bila kuachiana hata mwenzake alipolia kwa uchungu. Mjomba alisema mlinzi hapaswi kuwa na huruma. Walibweka kwa sauti ya ajabu, kali, isiyopanda wala kushuka. Alisema ni sauti ya kuwatisha fisi. Walilala fofofo katikati ya makelele yetu. Alisema dhamiri zao ni safi.

Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, mwanafunzi mmoja wa udaktari wa mifugo aliniambia kwamba kile kinachomnyima mbwa rangi huweza kumnyima pia usikivu, na kwamba ukiwapandisha weupe kwa weupe, tena wa damu moja, unacheza na masikio ya watoto wao. Alisema hivyo mezani, akitafuna, bila kujua ananiambia nini. Niliacha chakula.

Nimejaribu kumlinganisha mjomba na yule kijana wa feni mbili. Mjomba alizalisha kasoro akidhani ni sifa. Kijana anaijua kasoro na anaiuza kama sifa. Najua wengi wataniambia wa pili ndiye mbaya zaidi, na mimi napenda kukubali, kwa sababu inanipunguzia mzigo. Lakini mbwa hawakuulizwa ni yupi kati yetu aliyekuwa na nia njema.

Uzao wa pili ulipokuwa tayari, nilifuatana na mjomba kwenda Handeni. Tuliteremka mjini, tukatembea kwenye nyika kavu hadi kwenye boma la Mzee Lemburis, mfugaji ambaye mjomba alifahamiana naye mnadani. Tulikuwa tumembebea shujaa wangu wa kwanza darasani, aliyekula uji hadi mwisho huku debe likilia sentimita chache nyuma ya kichwa chake. Jina lake, kwa kukosa ubunifu, lilikuwa Shujaa.

Mzee Lemburis alichuchumaa, akapiga mluzi kwa meno. Mtoto wa mbwa aliendelea kumtazama mbuzi.

"Haitiki mluzi," mzee alisema.

"Huyu hahitaji kuitwa, mzee wangu. Mbwa wa kuitwaitwa hajui kazi."

Mzee alitafakari. "Hata mimi nina mke wa namna hiyo," alisema. Mkewe, aliyekuwa akimimina maziwa kwenye kibuyu, alimjibu kwa Kimaasai jambo lililowachekesha wote pale bomani isipokuwa mumewe.

Walikuwa na binti wa rika langu, Nasieku, naye darasa la nne, kama mimi wakati huo. Alimnyanyua Shujaa na kumpakata kama mtoto mchanga.

"Atalala mlangoni kwetu," aliniambia.

"Si atalinda ndama?"

"Na ndama pia. Atakuwa na kazi nyingi."

Mzee alimuuliza mjomba kama mbwa huyu anafaa kwenye boma lenye watoto. Mimi ndiye niliyejibu, bila kuulizwa. Nilisema ndiye hasa anayefaa, nimempima mwenyewe. Na hayakuwa maneno tu. Wale mashujaa tuliowapeleka Handeni, mimi ndiye niliyemshauri mjomba nani aende wapi, na kanuni yangu ilikuwa moja: penye watoto wadogo apelekwe aliyefaulu vizuri zaidi. Niliandika sababu daftarini, pembeni ya kila jina. "Ana mapacha." "Mtoto anatambaa." Nilijiona mtu wa maana sana.

Karibu mwaka mzima ulipita. Siku moja mchana, watoto wa uzao wa tatu wakiwa kwenye gunia wanakula, Mzee Lemburis aliingia uani kwetu Kilole na mkewe na Nasieku. Mjomba alifurahi mno. Alinituma vigoda, akasema, "Karibuni, karibuni, nilijua tu mtakuja kuongeza wengine."

Niliona kwenye shavu la Nasieku mchoro mweusi, kutoka chini ya jicho hadi pembe ya mdomo. Nilidhani amejichora kwa wino wa shule, nikacheka. Alipogeuka kwenye mwanga niliona kwamba ni nyuzi. Zilikuwa zimeingia na kutoka kwenye nyama, na shavu lote lilikuwa limevutwa upande mmoja. Walikuwa wanatoka hospitali.

Nilimwamkia mzee, "Shikamoo." Aliitika, "Marahaba," akaketi, akaulizia afya ya kila mtu, hata ya mama kule Vugiri. Ndipo akasema, "Shujaa nimemuua. Kwa mkuki. Alimng'ata mtoto."

Mjomba akadakia, "Mtoto alimchokoza."

"Alimpelekea chakula."

"Basi alimshtua."

"Mhina," mzee alisema taratibu, "uliniambia hashtuki."

Nasieku ndiye aliyeendelea, akiangalia chini, midomo ikisogea upande mmoja tu. "Alikuwa amelala mlangoni. Nikamwita. Nikamwita tena. Nikaweka bakuli chini, nikamgusa mgongo." Akagusa shavu lake. "Aliponiona ni mimi alilala chini akajikojolea. Baba alipomjia hakukimbia."

Nilitamani mjomba aseme pole. Nadhani alitaka pia, lakini kisa cha ghala kilikuwa kimemkaa kooni miaka mingi mno. Akanigeukia. "Lete debe."

"Mjomba."

"Lete debe, wajionee wenyewe."

Nilileta. Nilisimama nyuma ya watoto sita weupe, akanyanyua kidole, nikapiga. Mke wa Mzee Lemburis aliziba masikio. Nasieku aliruka kutoka kwenye kigoda. Watoto wa mbwa waliendelea kula.

"Mmeona," mjomba alisema. "Hakushtuka hata mmoja."

Yule mama aliinuka, akazunguka nyuma ya sinia, akainama hadi mdomo wake ukawa karibu na sikio la mtoto mmoja, akatoa ule mwito mkali wanaowaitia ndama. Mtoto wa mbwa alilamba uji. Akaenda kwa wa pili, na wa tatu. Kisha akapitisha kivuli cha mkono wake juu ya sinia, na wote sita wakainua vichwa kwa pamoja.

"Hawa hawasikii," alisema.

"Wana nidhamu," mjomba alijibu, lakini sauti ilikuwa imeshaanza kumpungukia.

"Mhina." Ilikuwa sauti ya Bi Zaina, ng'ambo ya minyaa. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi. "Viziwi hao. Na mama yao hasikii vizuri. Mara ngapi nimesema nikimfukuza hasogei? Mkaniambia ana adabu."

Mjomba alinipokonya debe. Alilipiga mwenyewe, kwa mwiko, kisha kwa ngumi, akilizunguka lile gunia, jasho likimtoka, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba inayoungua. Na mtaa mzima ukaanza kubweka. Walibweka kwa fundi baiskeli, walibweka kanisani, walibweka hadi upande wa stesheni, kila mmoja kwa sauti yake, na nilizitambua karibu zote. Walikuwa walioshindwa wangu. Walikuwa wamekaa Kilole muda wote huo wakilinda nyumba za watu waliowapata bure. Uani kwetu tu ndiko kulikokuwa kimya.

Mjomba aliweka debe chini.

"Wengine wako wapi?" Mzee Lemburis aliuliza.

"Handeni huko. Watu ni wengi. Nani anakumbuka?"

Nilikumbuka mimi. Niliingia ndani nikachukua daftari. Niliposikia mjomba akiniita, "Wewe, rudi ukae," nilikuwa sijawahi kumkaidi mtu mzima maishani, lakini nilipita mbele yake nikampa Mzee Lemburis daftari mkononi. Hakujua kusoma. Alimpa binti yake.

Nasieku alisoma kwa kidole, kama tulivyofundishwa wote darasa la kwanza. Alisoma jina la mbwa, "amefaulu", jina la mwenye boma. Kisha alisoma pembeni. "Ana mapacha." "Mtoto anatambaa." Alipofika kwenye jina lake mwenyewe alisoma pia, kwa sauti ileile: "Nasieku atalala salama." Akaninyanyulia macho. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa yakiuliza kama ni mimi kweli niliyeandika, na nilitikisa kichwa kukubali.

Mjomba ndiye aliyesema tutakwenda Handeni kesho, boma kwa boma.

Tulikwenda watatu, mjomba, Mzee Lemburis na mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeyajua majina, na mwandiko wangu mahali pengine ulinishinda hata mimi. Ukimwondoa Shujaa, yalikuwa yamebaki majina matano. Kwenye boma lenye mapacha walitucheka: walikuwa wamegundua zamani, na walikuwa wakikanyaga ardhi kwa kishindo kabla ya kumsogelea mbwa, mapacha wakiwa wa kwanza kukanyaga. Boma la pili mbwa alikuwa amekanyagwa na lori akiwa amelala barabarani. Kwenye maboma mengine mawili mjomba alisimama, akavua kofia, akaeleza. Nilimwona akijifunza kusema neno lile. Mara ya kwanza alisema "hasikii vizuri". Mara ya pili alisema "kiziwi". Kisha akasema, "na ni mimi niliyemfanya hivyo."

Jina la mwisho halikuwa la mfugaji. Alikuwa mkulima wa Kizigua, Bwana Mdoe, mwenye shamba la mahindi ukingoni mwa nyika. Alitupokea kwa shangwe, akamshika mjomba mkono na hakutaka kuuachia.

"Mzee Mhina, umekuja wakati wake. Yule dume wako nimempandisha na jike jeupe la hapo jirani. Tisa, mzee wangu. Na mtihani wako nimeufanya na mimi, kwa sufuria, kama ulivyonionyesha mnadani. Walioshtuka wawili tu."

"Hao wawili wako wapi?" mjomba aliuliza haraka.

"Waoga? Niliwazamisha kwenye pipa. Wa nini?"

Mjomba aliutoa mkono wake. "Na saba?"

"Wamekwenda. Wafugaji walipita hapa na ng'ombe wao, wanahama kuelekea kusini, wanafuata majani. Waliwachukua wote."

"Kina nani?"

"Sikuwauliza majina."

"Walikuwa na watoto?"

Bwana Mdoe alicheka kidogo, akidhani ni mzaha. "Wanahama na familia, mzee. Watoto walikuwepo tele."

Mjomba aligeuka bila kuaga. Alitembea kupita mwisho wa mahindi, akaingia kwenye nyika, akielekea kusini, na kofia yake bado ilikuwa mkononi kwenye jua lile. Mzee Lemburis, anayeijua nyika hiyo, alimwita. Alimwita mara ya pili, kisha ya tatu, kwa sauti ya kuitia ng'ombe walio mbali. Mjomba hakugeuka. Ilibidi mzee amkimbilie, na alipomfikia, alipita kwanza mbele yake ili aonekane, ndipo akamshika bega.